Kura Niliyogombea Peke Yangu

Nyinyi mwacheka na hata sijaanza. Haya, chekeni mmalize kabisa, maana mwenyewe nikipita pale uwanja wa shule hapa Mishomoroni huvuta buibui nikajifunika mpaka puani, na si kwa stara, wallahi, ni kwa haya, kwa sababu pale ndipo nilipopanda juu ya meza mbele ya mtaa mzima, mimi Mwanahamisi binti Shee, mwenye wajukuu wa kuoa na kuolewa, nikaomba kura katika uchaguzi ambao haukuwako.

Chanzo ni mbaazi. Kama kusingekuwa na mbaazi motoni siku ile, haya mengine yote yasingekuwa.

Walikuja watu wa mradi wakatuitia mkutano pale uwanjani, sisi wajane na wenye shida ya riziki, wakasema wana mtaji na mafunzo ya biashara kwa ajili ya kuwatoa watu kwenye umaskini, ila hautoshi kila mtu kwa mara moja. Masikio yalinisimama. Mwajua nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi za nazi hapa mlangoni kwangu tangu marehemu mume wangu Bakari yu hai, kisha huu mguu ukanilaza, hospitali ikala mtaji wote, meko yakapoa, nikabaki kula cha kutumiwa na mwanangu Athumani aliye Nairobi. Mtoto mwema Athumani, sina la kumsema, lakini alikuwa kashanipigia simu: "Mama, baada ya Idi nakuja kukuchukua. Siwezi kukuacha hapo huna shughuli yoyote, unaangalia njia tu." Naye akaa ghorofa ya juu kabisa. Sasa huko juu nitaamkiana na nani asubuhi, na ngazi? Basi ikawa ama nipate shughuli ya mikono yangu kabla ya Idi, ama nifunge mizigo niihame Mishomoroni nilikozikia mume na kulea wanangu.

Aliyesimamia mkutano ni msichana kwa jina Chebet, Kiswahili chake cha bara lakini ana adabu zake. Akasema, "Sasa, wale wataanza watapatikana kwa kura, Jumamosi, hapa hapa, mbele ya kila mtu." Ndipo harufu ikanifika puani (kutoka uwanjani hadi kwangu ni kuvuka barabara tu). Mbaazi zashika chini! Nikawaza, kura naijua, nimepiga kura miaka na miaka, sasa nakaa kusikiliza nini zaidi? Nikainuka nikaenda zangu. Ndilo kosa lenyewe hilo, hakuna jingine.

Njiani nikakutana na Mzee Kombo, mzee wetu wa mtaa, aja mkutanoni amechelewa (ndiyo kawaida yake).

"Mzee Kombo, kwani ni kura kweli?"

"Ni kura, Bi Mwana. Tena ya wazi."

"Na kila mtu aingia?"

"Aliyeandikisha jina huingia."

Langu nilikuwa nimeliandikisha nilipofika mkutanoni. Mwaona? Kila neno alilosema lilikuwa kweli, na kila neno nikalielewa upande wangu.

Hapa kwetu nani asiyejua mambo ya kura? Mgombea huja na leso, huja na unga, hushika mpaka mikono ya watoto wenye kamasi, na asiyelisha hachaguliwi. Nikafungua unga alionitumia Athumani, wa mwezi mzima, na sukari, na nazi, nikafunga kibwebwe. Kila asubuhi mpaka Ijumaa nilipika mahamri nikatembeza nyumba kwa nyumba, bure, na mguu wangu huu. Kwa Zuhura wa fundi Juma nilipeleka sahani nzima. Kwa Riziki, kwa Nyevu, kwa Mama Mwaka, kwa Saumu yule achekaye kwa pua. Nakumbuka kila mkono uliochukua hamri, na uliochukua mawili.

"Utanikumbuka Jumamosi?" nikimuuliza kila mmoja.

"Tuko na wewe, Bi Mwana! Kwani tuna mwingine?" asema Saumu, mdomo umejaa.

Na hawa wote, nawaambia, walikaa mkutanoni mpaka mwisho. Wote walijua, na wote walikula.

Mmoja tu ndiye aliyekuja kunieleza, naye nikamfukuza. Ni Kadzo wa Charo, jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu, mjane kama mimi, auza mchicha na mnavu pale njia panda. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, Idi nampelekea pilau na Krismasi aniletea chapati, na chumvi hatujui tena ni ya nani. Basi nikasikia na yeye ameandikisha jina. Nikajua huyu sasa ni mpinzani wangu. Jioni akaja akasimama mlangoni.

"Mwana, msena wangu," akaniambia (kwao msena ndiye rafiki), "hiyo kura si kama unavyodhani."

"Ni vipi?"

"Si ya kupigiwa mtu. Ni ya..."

"Kadzo, wagombea au hugombei?"

"Jina langu liko, lakini..."

"Basi usije kunivunja moyo mlangoni kwangu. Nenda katafute watu wako."

Akanitazama, akajitanda leso yake, akaenda. Nami sikutosheka na hilo. Nikafungua sanduku nikatoa jozi ya leso niliyoletewa na mpwa wangu, jina lake UTANGOJA SANA MWENZANGU, nikajifunga moja, nikatoka kufagia ua upande wa Kadzo, nimempa mgongo ili asome vizuri. (Nilifagia mahali pamoja mpaka mchanga ukaisha.)

Mjukuu wangu Rukia, asomaye chuo, alinitazama tu. "Nyanya, una hakika na hii kura?"

"Nimepiga kura kabla mamako hajazaliwa."

Akaitia simu yake chaji. Ningejiuliza kwa nini, lakini mwenye kiu ya cheo haulizi.

Jumamosi nikaenda na kina mama wangu nyuma, vigelegele, Riziki apiga debe, mimi mbele na leso yangu. Uwanjani kuna meza, na juu yake ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Nikajisemea, maskini, masanduku ya kura yamewaishia. Nikaangaza sikuona mgombea mwingine mwenye shangwe, nikasema wamejua wameshindwa. Chebet alikuwa angali atengeneza kipaza sauti. Nikaona nisimngoje. Nikapanda kiti, kutoka kiti nikapanda meza.

"Ndugu zangu wapiga kura!" nikasema. "Mwanijua. Mmekula kwangu. Sitaki kumsema mtu, lakini mwenye mchicha ana mchicha wake, na mwenye mahamri hana unga. Nikichaguliwa mimi, mtaa huu hautaamka na njaa..."

Nikasikia pua ya Saumu. Ikaanza hiyo pua, ikafuata ya Nyevu, kisha uwanja mzima ukalipuka, watu washikana mabega, Mzee Kombo kavua kofia kajifunika uso, na Riziki, yule yule aliyenipigia debe, kakaa chini juu ya debe lake alia kwa kicheko.

Chebet akanijia taratibu. "Shikamoo, nyanya. Hii kura si ya kupigiwa mtu. Ni ya kuokota. Majina yote yako ndani ya ndoo, tunatikisa, tunaokota. Hakuna mwenye anachagua."

"Hakuna? Hata nyinyi?"

"Hata sisi. Tukichagua sisi, tutachukua wachapakazi kama wewe, halafu mkifaulu hatutajua ni mtaji uliwainua ama ni bidii yenu tu. Kwa hivyo bahati ndiyo inagawa. Wengine wanaanza sasa, wengine wanakuwa kundi la kungoja, na tunawaangalia wote vile wanaendelea. Ikionekana inasaidia kweli, serikali inaambiwa ipeleke kwa maskini wengine wengi. Isiposaidia, iachwe, itafutwe nyingine."

Hapo nikaelewa, maana ndivyo nilivyoijaribu ile hamira mpya iliyokuja dukani kwa Swaleh: unga mmoja, mkono mmoja, karai moja, donge hili likapata hamira mpya na donge lile ile ya zamani, ndipo nikajua. Nilielewa barabara. Lakini nilielewa nikiwa juu ya meza. (Na kura hii si ndiyo ile aliyopigiwa Nabii Yunus merikebuni, alayhi salaam? Nimeisoma chuo cha Qurani nikiwa mtoto, ikawa haikunijia.)

Nikatafuta pa kushukia. Chebet akauliza kwa kipaza sauti nani ataokota majina, mtu ambaye hakuna atakayesema amependelea. Sauti ikatoka nyuma, najua ni ya fundi Juma: "Bi Mwana! Si yuko juu tayari!" Uwanja ukaitikia. Nikateremshwa hadi kwenye kiti, wakataka kitambaa cha kunifunga macho, hakikupatikana, wakanifunga kwa leso yangu mwenyewe. UTANGOJA SANA, usoni, mbele ya ndoo. Kicheko kilichopigwa pale sijapata kukisikia hata harusini.

Nikatia mkono, nikakoroga, nikatoa karatasi. Chebet akasoma: "Kadzo Charo Mwambire."

Wa kwanza! Mkono wangu mwenyewe! Nikaendelea kuokota mpaka bega likaniuma, Zuhura akatoka, Nyevu akatoka, na wengine, mpaka wakaniambia basi, yatosha. Langu lilibaki ndooni.

Sasa nawaambia jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu. Ndani ya ile leso, gizani mle, nilipumua. Siku zote za kampeni nilikuwa na hofu moja ya siri: kura zikihesabiwa, nitajua. Nitajua ni nani katika hawa ninaowajua majina, niliolea nao watoto na kuosha nao maiti, ambaye hakunitaka. Sasa ikawa hakuna aliyenikataa. Walionicheka ni wengi, lakini aliyenikataa ni mkono wangu, na mkono wako huwezi kuununia. Hata kama ni kwenda ghorofani kwa Athumani, nikasema, nitakwenda bila kinyongo na mtu.

Nilipofunguliwa macho, Kadzo kasimama mbele yangu. Yeye peke yake hakucheka.

"Shuka, utavunja ule mguu," akanipa bega. Kisha akasema chinichini, "Nilikuja kukwambia."

"Najua."

"Ukanipa mgongo nisome."

"Na ulisoma?"

"Sikusoma vipi, Mwana, na herufi zenyewe kama za kibao cha duka?"

Hapo ndipo akacheka, nami nikacheka, nikamuomba radhi pale pale mbele ya watu, akasema radhi yake ni mahamri sahani nzima, maana yeye tu ndiye hakupelekewa.

Nilikuwa sijafika nyumbani simu ikalia. Rukia (ndiyo ile chaji!) kanirekodi video kaitia kwenye kundi la familia. Athumani alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Mama, na ule unga wa mwezi?"

"Umeliwa na wapiga kura."

"Haya. Basi baada ya Idi nakuja."

Nikaanza kukunja nguo. Lakini Jumatatu asubuhi mlango ukabishwa, kumbe Saumu, hacheki, macho chini, kashika pakiti ya unga. "Bi Mwana, yale mahamri yako watoto hawanipi raha. Nimekuja na unga. Nipikie, na wewe utoe sehemu yako humo humo." Hajatoka, Mama Mwaka huyo na nazi. Akaja Riziki na sukari. Kumbe haya haikunipata mimi peke yangu, kila aliyekula huku akijua yalimkwama kooni. Nami sikuwasimanga, niliwasha moto tu, na moto ule, alhamdulillahi, haujazimika. Ramadhani nilipika mpaka futari.

Idi ikapita, Athumani akaja asubuhi na sanduku tupu la nguo zangu, akakuta watu mlangoni, akataka kupenya. Mama mmoja asiyemjua akamshika shati: "We kijana, panga foleni!" Akapanga. Alipofika kwangu nikamhudumia kama mteja, akala, akaniambia, "Mama, huku hawawezi kukuachia." Lile sanduku lilirudi Nairobi na mahamri.

Chebet huja tena na tena kutuuliza hali, mimi na Kadzo, kila mtu kwake. Kadzo sasa ana meza yenye kivuli na mboga za kila namna. Mimi Chebet alinitazama, akatazama karai.

"Nyanya, wewe uko kundi la kungoja. Hatujakupa kitu, na biashara iko. Sasa niandike nini?"

"Andika niligombea."

Akacheka, lakini mimi nilikuwa na hofu, nikamuuliza: nikisema kweli kwamba nimesimama kwa miguu yangu, je, nafasi yangu yaenda?

"Haiendi, nyanya. Ukweli ndio tunatafuta, uwe wa kupanda ama wa kushuka. Zamu yako ikifika utaitwa."

Basi nikapumua mara ya pili. Ile jozi ya leso nimeikata, moja kwangu, moja nimempa Kadzo, nasi huzifunga siku moja makusudi, watu wasome wachague wenyewe nani amwambia nani.

Na tangu hapo nimejiwekea ahadi. Juzi tuliitwa mkutano mwingine, mambo ya maji, nikakaa mbele kabisa na Kadzo ubavuni. Katikati ya maneno harufu ikaja, naijua hiyo harufu. Kadzo akanigusa kwa kiwiko.

"Mwana. Mbaazi zako."

"Ziache ziungue," nikamwambia. "Hajamaliza kusema."