Kundi la Polepole

Jumatano, tarehe 16 Januari 2013, shule ya binti yangu iliniomba nimchagulie mwendo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi wa shule hiyo, kule Pinetown, nje kidogo ya Durban, pamoja na wazazi wengine wa darasa la nane. Mwalimu wa Kihispania, mwanamke kijana wa Kihindi, mzaliwa wa Durban aliyewahi kuishi Hispania, alitueleza kwamba watoto wangegawanywa katika makundi mawili. Kundi la haraka lingemaliza kozi kwa miaka miwili, la polepole kwa mitatu. Tuliruhusiwa kuwahamisha watoto hadi mwisho wa Februari. Baada ya hapo kila mmoja angebaki alipo mpaka mtihani wa Novemba, na mtoto wa kundi la haraka ambaye angeanguka mtihani huo angeiacha lugha hiyo moja kwa moja.

Wazazi wengine waliuliza maswali marefu. Baba mmoja alitaka kujua kama Kihispania kina faida yoyote katika biashara ya matairi. Mimi sikuwa na swali. Nilichagua haraka, nikaondoka kuwahi zamu yangu kiwandani Jacobs, nikiwa nimekasirishwa na jambo moja tu: kwamba kundi la pili lilikuwapo.

Neno hilo, polepole, nilikuwa nalijua vizuri. Nilizaliwa mwaka 1972 karibu na Uvira, Kongo, na shule ya msingi niliimaliza mwaka 1998, nikiwa tayari mke wa mtu. Mume wangu alifariki hapa Durban, Ijumaa tarehe 22 Agosti 2008. Februari iliyofuata nilijiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima, na siku ya kwanza, kabla sijafungua kinywa, nikawekwa katika kundi la polepole. Hawakunipima. Waliutazama umri wangu na nguo zangu za ujane, wakaona inatosha. Kwa miezi mingi nilifundishwa kutamka kwa Kiingereza kwamba hii ni kalamu na lile ni dirisha, na mwalimu akanipongeza kwa sauti ambayo watu huitumia kwa mbwa aliyerudisha mpira. Nilitoka katika kundi hilo kwa ubishi wangu mwenyewe, na Januari 2012 nilipokea cheti cha matriki, cha kumaliza sekondari. Kipo kwenye fremu, ukutani, sebuleni kwetu Sydenham. Wageni wasipokitazama, huwaonyesha.

Haikuwezekana, basi, kwamba mtoto wangu aketi mahali nilipokataa kuketi mimi. Tena mtoto mwenyewe alikuwa mkalimani. Kanisani kwetu pasta huhubiri kwa Kiswahili cha Kongo, na kando yake husimama mtu wa kutafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kwa ajili ya majirani Wazulu, Wamalawi, na vijana wetu waliozaliwa huku. Kazi hiyo ina sheria moja. Pasta akifunga kinywa, mkalimani anafungua, na pasiwe na nafasi hata ya kumeza mate katikati, kwa sababu ukimya huzima moto wa mahubiri. Wanaume wazima waliijaribu kazi hiyo wakatoka jasho. Binti yangu alianza kuifanya mwaka 2011, akiwa na miaka kumi na moja, amesimama juu ya kreti ya soda ili aonekane, na hakukwama hata mara moja. Akina mama walikuwa wakinisimamisha mlangoni kunishika mkono, kana kwamba ni mimi niliyetafsiri.

Jumanne, tarehe 12 Februari, mwalimu wa Kihispania aliniita shuleni. Alinikaribisha kwa heshima, akaniita Mama kama watu wa hapa wanavyomwita kila mwanamke mwenye umri wangu, kisha akaniambia kwamba angependa binti yangu ahamie kundi la polepole. Nilimwuliza kama mtoto ni mtoro. Hapana. Ni mvivu? Hapana, anajibu kuliko wote. Tatizo, alisema, ni kwamba anajibu hata asichokijua. Akiulizwa swali asilolielewa hatulii kufikiri. Papo hapo anatoa sentensi ndefu, yenye lafudhi nzuri, ambayo ndani yake hamna kitu. Wenzake humpigia makofi. Na kwa kuwa kundi lile linakimbia, hakuna muda wa kurudi nyuma kumtengenezea.

"Kwa hiyo kosa lake ni kusema," nilimwambia. "Mlitaka ajifunze lugha kwa kunyamaza?"

"Kwa muda kidogo, ndiyo, Mama," alisema.

Niliondoka pale nikiongea peke yangu hadi kituo cha teksi. Nilimwona mwalimu yule kuwa ni walewale waliomtazama mtu sura wakampangia akili. Na ningebaki na hasira hiyo safi, yenye mwelekeo mmoja, kama akina mama wa kanisa wasingeingilia. Mmoja wao, mwenye saluni ambamo huwa nasukwa, na ambaye kwake hakuna jambo lisilo na jawabu, alinishika kichwa Ijumaa ile jioni, akanipa shauri ambalo sikuliomba.

"Weye unasikiliza ule mwalimu? Achana naye, masheri. Mutoto anasema Kifaransa. Na Kispanyoli ni nini? Ni Kifaransa yenye ilipotea njia."

Saluni nzima ilicheka. Nilimjibu kwamba Kifaransa cha mtoto huyo ni cha nyimbo za kwaya na ugomvi wa saluni hii hii, na kwamba hajawahi kukiandika. Hakunisikia. Alirukia habari za binamu yake aliyefika Madrid na kupata kazi wiki ileile, kisha mteja mwingine akasema kundi la polepole ni la watoto wenye shida, kisha wa tatu akasema shule za huku zinawaonea wageni. Wote walikuwa upande wangu, na kila walivyozidi kuwa upande wangu ndivyo nilivyozidi kukosa raha. Mtu akikubaliana nawe kwa sababu mbovu, unalazimika kuzikagua na zako.

Hapa ni lazima niseme kwamba mimi sikuwa nimemsikia binti yangu akitafsiri kwa zaidi ya mwaka mzima. Wakati wa mahubiri nilikuwa nikifundisha watoto wadogo katika chumba cha nyuma. Sifa zake zilinifikia kama habari tu. Nilipokuwa nikimsikiliza hapo mwanzo, Kiingereza changu kilikuwa bado cha vitabuni, kisichoweza kuifuata kasi yake. Jumapili ya tarehe 17 Februari mwenzangu alichukua zamu ya watoto, nami nikaketi mstari wa mbele.

Pasta alikuwa katika hali nzuri siku hiyo. Alihubiri juu ya subira, akatoa mfano wa muhogo mchungu: namna mama anavyouvundika majini siku kadhaa mpaka uchungu utoke na uwe laini, ndipo auanike na kuutwanga, na kwamba mwenye haraka akiula kabla ya siku zake unamdhuru. Binti yangu amekulia Durban. Muhogo anaoujua ni unga ndani ya mfuko. Nilimwona macho yakimcheza kidogo, kisha, bila kupoteza pumzi, akawaambia watu kwa Kiingereza kizuri, mkono ukiwa umepanda juu, kwamba mama mmoja aliutupa muhogo wake mtoni kwa hasira, na Mungu, kwa kuwa ni mwenye subira, akaurudisha ufukoni ukiwa umeiva.

Wazulu walisema amina. Wamalawi walisema amina kwa nguvu zaidi. Pasta, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu, alifurahi kuona neno limeingia, akampa sentensi nyingine. Nikahesabu makosa moyoni, kisha nikaacha kuhesabu. Alipojua, alitafsiri barabara. Asipojua, alitunga, na alichotunga mara nyingi kilikuwa kitamu kuliko cha pasta. Nilikaa pale nimeshika Biblia, sijui kama nimkanye au nicheke, na kila jirani aliyenigeukia kunitabasamia alinipandisha damu.

Baada ya ibada nilianza na pasta. Nilimweleza, kwa adabu, kwamba kusanyiko limelishwa muhogo wa miujiza. Alisema pale palipopungua Roho hujaza.

"Baba Pasta," nilisema, "aliyejaza leo hakuwa Roho. Alikuwa mtoto wangu, na alijaza kwa sababu mmemkataza kunyamaza."

Alinijibu kwamba tungeliombea jambo hilo. Maana yake ni kwamba halikumhusu.

Nyumbani nilimkuta binti yangu jikoni akichambua mchele. Nilimwuliza kuhusu mama aliyetupa muhogo mtoni. Hakukana. Alisema hakuelewa kuvundika ni kufanya nini, na hakuwa na nafasi ya kuuliza, kwa sababu mkalimani hasimami.

"Na shuleni?" nilimwuliza. "Shuleni kuna pasta?"

Akaniambia kwamba katika lile kundi la haraka mwalimu akiuliza, kidole kikikuelekea, watu wote wanageuka kukutazama, na hapo kinywa chake hufunguka chenyewe. Akasema alikichagua Kihispania kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo nyumbani na kanisani hakuna anayeijua, kwa hiyo hakuna ambaye angemtuma aitafsiri. Aliipenda. Alikuwa anajua kwamba Novemba mtihani wa kuandika ungemwumbua, kwa maana karatasi haina makofi, na kisha angenyang'anywa lugha yenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, ulikuwa umeshawaambia watu wote kwamba niko haraka."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kusema kweli kwa sauti ya upole, kwa maana ingekuwa jeuri ningejua la kufanya. Kisha akaongeza, bila kuinua macho kwenye ungo: "Nataka darasa ambalo mtu anaweza kunyamaza."

Jumanne iliyofuata, tarehe 19, niliomba ruhusa kazini nikaenda Pinetown. Mtu angedhani kwamba shule iliyonisumbua ili nikubali ingenipokea kwa shangwe. Karani wa mapokezi aliniambia kwamba uhamisho unashughulikiwa Alhamisi. Nilimjulisha kwamba Alhamisi mimi niko Jacobs, mbele ya mashine. Akaniuliza kama ninahama kutoka polepole kwenda haraka. Nikasema kinyume chake. Hakuwa amesikia vizuri, au alikuwa amezoea akina mama wa namna nyingine, kwa kuwa aliuliza tena, na nyuma yangu walikuwa wamejipanga wazazi kadhaa, mmojawao yule baba wa matairi.

"Polepole," nilisema. "Binti yangu anakwenda kundi la polepole, na anakwenda leo."

Alikwenda siku hiyo. Mwalimu alitoka kunishukuru, na nilimwomba asinishukuru. Upande wa kanisa nilimwambia pasta kwamba mkalimani wake amepumzika hadi atakapoonyeshwa mahubiri Jumamosi, aulize asichokielewa. Pasta alilalamika kwamba Roho haandiki mahubiri Jumamosi. Kwa Jumapili mbili alitafsiriwa na shemasi aliyetoka jasho, kabla ya ile ya tatu akaleta karatasi ya mahubiri.

Tarehe 10 Machi, Jumapili, mwenye saluni alikuja kwangu kula mchana pamoja na dada zake wawili waliokuwa wamewasili kutoka Bukavu. Nilipika samaki, wali na sombe, kisamvu cha kwetu. Aliwaeleza wageni kwamba mtoto huyu ana vipaji vya ndimi, kwamba anasoma Kispanyoli, na kwamba wasishangae. Kisha akaweka kijiko chini na kumgeukia.

"Haya, mama mudogo. Sema kwa Kispanyoli: hii samaki iko muzuri sana."

Wote walimtazama. Niliuona mdomo wake ukifunguka, nikalivuta kwangu bakuli la sombe. Alikaa hivyo, mdomo wazi, akitafuta. Mgeni mmoja akamtabasamia kumtia moyo. Muda ulipita ambao kwa mkalimani ni aibu, na mimi, niliyesafiri hadi Pinetown kuupata ukimya ule, nilishindwa kabisa kuuvumilia. Miguu ilinicheza chini ya meza kwa hamu ya kumsukuma.

"Samaki najua," alisema hatimaye. "Hayo mengine bado hatujafika."

Mwenye saluni alinigeukia mimi, akingoja nitoe maelezo. Nilimpa bakuli, nikamwambia ajipakulie kabla halijapoa.