Shati la Kupigia Picha

Mwamini ana duka la steshenari hapa Ruangwa mjini, na cherehani yangu iko kibarazani kwake mwaka wa tisa sasa. Siwapendi wanaosema alizembea. Hao hawakumwona akijiandaa.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ikaikataa Windows mpya. Fundi Rahimu akaja kutoka Nachingwea, akamshauri aweke Linux, mfumo mwepesi na wa bure. Mwamini hakukurupuka. Wiki mbili nzima aliujaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuuweka. Akajaribu printa, akajaribu kuandika barua za watu, na kila kilichogoma akakiandika kwenye daftari. Rahimu alimsisitizia jambo moja tu.

"Dada, siku nikiuweka huu mfumo, diski yote inafutika. Hamishia vyako vyote kwenye diski ya nje."

Chake kikubwa kilikuwa picha. Miaka kumi ya sura za watu: wanafunzi wa darasa la saba waliohitaji picha za fomu, wakulima wa korosho, wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa. Wengi wao hawana picha nyingine duniani. Mtu akifiwa, huja kwa Mwamini kuomba ile ndogo ya pasipoti ikuzwe. Huwapiga hapo hapo dukani: nyuma ni kitambaa cha bluu, na kwa mtoto asiye na nguo ya maana kuna shati jeupe nililolishona mimi, linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango.

Siku ya kuhamisha nilikuwepo. Pale kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na alama iliyoandikwa PICHA; akainakili kwenye diski ya nje. Ikamaliza kabla sijatia uzi kwenye sindano.

"Diski ina mbio hii!" akasema, na mimi, mjuaji wa kila kitu, nikamsifia.

Kumbe ile alama ilikuwa njia tu ya kuzifikia picha. Picha zenyewe zilikaa kwingine ndani ya mashine. Kesho yake Rahimu akamuuliza kama amehamisha vyote. "Vyote," akajibu bila wasiwasi. Rahimu akafuta.

Walipogundua, Rahimu aliibeba kompyuta hadi Nachingwea, akahangaika nayo siku nne. Alichookoa ni vipande: bluu, nusu sikio, kola. Kola nyingi, zote zikifanana. Mwamini alilia mbele ya wateja na hakujificha, na mimi nilijionea aibu kwa zile sifa zangu.

Jumatatu iliyofuata akaja Minza kutoka Nambilanje, mama wa familia ya wafugaji. Binti yake, Miriam, alikuwa amefariki kwa homa wiki tatu nyuma. Alitaka ile picha ya fomu ya shule.

"Ni hiyo tu tuliyo nayo, dada," alisema. "Macho yake yameanza kunipotea."

Mwamini alimpa pole, akamkalisha. Hakumdanganya. Alimweleza yote, tangu ile alama hadi siku nne za Nachingwea, kisha akamgeuzia kioo avione vipande vilivyobaki. Minza alivitazama kimoja kimoja. Wateja wawili waliingia, wakaona hali, wakatoka.

Mwishowe akaweka kidole juu ya kola moja. "Huyu ni wangu?"

"Sijui, mama Miriam. Wote walivaa shati moja."

Minza akageuka, akaliona pale mlangoni. Aliinuka, akalitoa kwenye msumari, akajifunika nalo uso na kuvuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena, safari hii kwenye kwapa. Kisha akalishusha.

"Linanuka sabuni," alisema. "Nani analifua?"

Nikasimama pale kwenye cherehani, nikasema ni mimi, kila Ijumaa.