Samadi Ziwani

Nilikuwa bwana samaki wa kijiji kisichokula samaki. Walionipeleka Hanang walilijua hilo, nami nililijua, lakini enzi zile za vijiji vya ujamaa maswali ya namna hiyo uliyaacha mlangoni mwa ofisi. Familia za wafugaji zilikuwa zimehamishwa kutoka mbugani, upande wa Getanuwas, zikapangwa kwa mistari kando ya ziwa dogo lisilo na mto wa kutoa maji yake. Ng'ombe wote walikunywa pale. Maji mengine ya kutegemewa yalikuwa mwendo wa siku mbili.

Chuoni nilifundishwa kwamba samadi hurutubisha bwawa: maji yanakuwa ya kijani, kijani kinalisha perege, perege wananenepa. Ni kweli, kwa bwawa la kuchimba na kwa kiasi. Mimi, kwa ujuaji wa kijana mwenye cheti kipya, niliagiza kila zizi lipeleke samadi ziwani, perege waliokuwamo wanenepe. Watu wakasitasita. Aliyeniokoa ni mama jirani yangu, mjane mwenye ng'ombe watatu. Kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba na kunimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu chake. Alijitwisha kapu la kwanza mbele ya wote.

"Huyu kijana amesoma," aliwaambia. Wakamfuata.

Ziwa likawa kijani, nami nikaandika ripoti ya kujisifu. Kisha zikaja siku za mawingu bila upepo. Mwani, yaani kile kijani chenyewe, ukafa kwa wingi, ukazama, bakteria wakauvamia kuuozesha. Bakteria nao wanavuta hewa iliyomo majini, na safari hii waliimaliza. Asubuhi moja perege walikuwa wameelea matumbo juu ufukweni kote, na harufu ya mayai viza ilifika mpaka shuleni.

Nilichanganyikiwa. Niliwaambia watu kwamba samaki wakiozea mle, bakteria watawageuza tena kuwa mbolea, na kijani kitarudi kibaya zaidi. Lazima tuwatoe. Watu wale hawakuwa wamegusa samaki maishani mwao. Kwao ilikuwa kinyaa kabisa. Mama jirani akaingia maji ya magoti, akafumba macho, akaokota wa kwanza kwa mkono. Akatapika. Akaendelea. Siku tatu tuliokota na kufukia.

Jambo moja sikuwaambia. Samadi tuliyomwaga ilikuwa imelala chini kwenye tope, na tope likikosa hewa huiachia mbolea ile irudi juu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Hilo nilikuwa nalo kwenye daftari langu la chuo. Niliusoma ukurasa ule mpaka karatasi ikalegea, nikitafuta sentensi ya kuniokoa. Haikuwemo.

Upepo uliporudi, ulisukuma utando wa kijani mpaka upande wa kunyweshea. Ng'ombe wawili wa mama walikunywa, wakatetemeka, wakaanguka siku hiyohiyo. Akabaki na mmoja, mwenye mimba. Akaja kwangu.

"Mwanangu, huyu nimpeleke mbali, au nisubiri? Maji yatapona lini?"

Ningesema kweli, angeondoka saa ileile, wengine wangemfuata, na kijiji kingevunjika kwa jina langu. Nilimwogopa mwenyekiti. Niliwaogopa wakubwa wa mkoa. Zaidi ya hayo yote niliona aibu, na aibu ndiyo iliyojibu.

"Mvua moja tu, mama. Subiri."

Nikamwambia achuje maji kwa kitambaa, ingawa nilijua sumu ya utando ule wa kijani haizuiwi na kitambaa. Akachuja, ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni, akamshikia ng'ombe wake anywe. Nilikuwa namwona kutoka dirishani kwangu. Kila siku nilijiambia nitatoka nikamwambie, na kila siku nilibaki ndani.

Mvua ilikuja. Ilikokota mavi ya mazizi yote mpaka ziwani, na baada ya wiki mbili maji yalikuwa mazito kuliko mwanzo. Ng'ombe aliangukia mlangoni kwake, ndama tumboni.

Nilikwenda asubuhi. Alikuwa anafunga mizigo. Nilifungua kinywa nimwamkie, shikamoo ikagoma kutoka. Akanitazama bila hasira, afadhali angenipiga.

"Mvua imekuja," alisema. Kisha akainua viganja vyake, akavinusa. "Na mikono yangu bado inanuka samaki."