Leitare Alivyomlilia Mama Yake

Siku ya kumzika mama yake Leitare kijijini kwao katika kisiwa cha Malakula, mchungaji aliagiza maombolezo yote yawe kwa Kibislama, lugha ya mchanganyiko inayoeleweka visiwa vyote, maana wageni walikuwa wengi. Leitare alisimama kando ya kaburi, akapaza sauti kwa hasira.

"Mama hakujua Kibislama hata neno moja! Mnamuaga yeye au wageni?"

"Dada, unatuaibisha," mdogo wake Masing alimnong'oneza.

"Aibu ni yako, uliyesahau hata kumwita mama kwa lugha yetu!"

Akaanza kulia kwa lugha yao, akimtajia marehemu mashamba yake ya viazi vikuu, moja baada ya jingine. Vikongwe wawili wakaitikia. Masing naye alijaribu, maneno yakamkataa. Leitare hakumhurumia.