Kiingereza Kirefu, Kiswahili Kifupi

Nianze kwa kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe hakuna atakayenisaidia kazi hiyo. Katika ukoo wetu mzima mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa Kiingereza. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini nilikaa miaka kumi na tisa kwenye geti la kampuni ya wageni, na mtu hawezi kuamkiwa kwa Kiingereza miaka yote hiyo akatoka mikono mitupu. Nilijua kumsimamisha mgeni, kumwuliza anamtaka nani na kumwambia asaini kitabu. Nyumbani wakaniita Balozi. Sikukataa.

Lakini habari hii ni ya dada yangu, fundi cherehani. Alishona sare na magauni kwenye chumba cha mbele, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, hivi kwamba hata akikutukana ulisikia nusu tu. Mwanawe wa pekee, yule aliyeniita mjomba, aliolewa ng'ambo na mtu wa huko, akazaa binti mmoja. Huyo mjukuu Kiswahili chake kilianzia kwenye neno "bibi" na kuishia hapo hapo.

Kila Jumapili saa kumi alasiri simu ililia. Akizungumza mama mtu, mambo yalikwenda. Ila mtoto akiichukua, dada alipaza sauti: "Balozi, njoo! Mtu wako huyu."

Nami nilikuja kwa hatua za kiserikali. Simu sikioni, uso nimeukunja, "yesi, yesi," kisha natafsiri. Anasema shule nzuri. Anasema anakupenda. Anasema umshonee gauni lenye mifuko miwili. Gauni lilishonwa kweli, likatumwa, na huko wakashangaa nani kaliagiza. Ukweli ni kwamba mtoto alizungumza haraka kama cherehani ya umeme. Niliambulia salamu, mengine yote nilishona mwenyewe.

Siku moja dada akatoa pini mdomoni. "Hebu nikuulize, mdogo wangu. Mbona Kiingereza chake kirefu, Kiswahili chako kifupi?"

"Dada, ndivyo lugha yao ilivyo. Maneno mengi, jambo moja."

Akanitazama kama anavyotazama pindo lililopinda. Jumatatu akaenda kujiandikisha masomo ya jioni.

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Walisomea katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Magoti yake hayakuingia chini ya meza, akawa anakaa upande upande. Mwalimu wao alikuwa binti ambaye dada mwenyewe aliwahi kumshonea sare za shule. Mimi nilicheka hadi nikakohoa.

"Unahangaika bure," nikamwambia. "Mimi hapa nina Kiingereza cha kutosha nyumba nzima."

"Chako ni cha getini," akasema. "Mimi sitaki kumsimamisha mjukuu wangu. Nataka kumkaribisha."

Alijifunza kifundi. Alichukua mabaki ya vitambaa, akatarizi neno moja la Kiingereza kwenye kila kipande, akakibandika kwa pini panapohusika: mlangoni, kwenye kiti, kwenye mkasi, kwenye pazia. Neno likishamkaa kichwani, alifumua nyuzi zake akatumia kitambaa kile kile kwa neno jingine. Nyumba ikawa kama duka lenye vibandiko vya bei. Nikikaa kwenye kiti nilichomwa na Kiingereza.

"Inuka hapo," alisema, "umekalia msamiati."

Mwezi wa tatu wa masomo yake, mwanawe akaacha kupiga simu. Akawa anapiga mtoto peke yake. Dada bado alikuwa na maneno ya mlango na pazia tu, kwa hiyo nikaitwa. "Muulize mama yake yuko wapi."

Nikauliza kama nilivyouliza getini. Mtoto akasema maneno mengi. Akanyamaza, akaanza tena, sauti chini. Sikuambulia hata moja. Ningeweza kusema "sijaelewa." Ni neno moja tu hilo. Lakini mteja alikuwa amekaa pale akisubiri gauni lake, na jirani kasimama mlangoni, na wote wananitazama mimi, Balozi.

"Anasema mama yake kazi zimemzidi," nikasema. "Anakusalimia. Anasema huko baridi, hata mbu wamevaa sweta."

Wakacheka. Dada alicheka zaidi ya wote, na simu ilikuwa bado wazi.

Jumapili ya pili mtoto alikuwa analia. "Analia nini?" dada akauliza. Mafua, nikasema. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Kazi na mafua.

Jumapili ya tano hakuniita. Nilimkuta amelitandaza daftari juu ya cherehani, maswali ameyaandika tayari, kamusi pembeni. Nikasimama na kikombe changu cha chai ili nipate cha kumcheka. Aliuliza polepole, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akamwomba mtoto arudie. Akarudia kila neno, na kila neno alilolishika aliliandika kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani. Hospitali. Kitanda. Mwezi mmoja. Kisha likaja neno asilolijua, mtoto akamtajia herufi moja moja. Akafungua kamusi. Kidole chake kikateremka ukurasani, kikasimama.

Lilikuwa jina la ugonjwa.

"Amekuwa akisema hivi tangu lini?" akaniuliza, bila kugeuka.

"Dada..."

"Jumapili ngapi?"

"Nne."

Aliifuta chaki kwa kiganja, na kiganja kikabaki cheupe.

Kumbe mwanawe alimkataza mumewe kutuambia mpaka apate nafuu, asije akamshtua mama yake. Mtoto hakuna aliyekumbuka kumkataza. Zile Jumapili mbili za kwanza mgonjwa alikuwa bado anaongea. Jumatatu, kesho yake ile Jumapili ya tano, baba mtoto alimwekea mgonjwa simu sikioni, na dada akaongea Kiswahili mpaka sauti ikamkauka. Upande wa pili palijibu pumzi tu. Alhamisi akafariki.

Baada ya matanga watu walidhani daftari limefungwa. Jumatatu dada akajifunga kitambaa kichwani akaenda darasani. Mwalimu ndiye aliyenieleza baadaye, akidhani najua. Dada yako alikuja na swali, akasema mwalimu, ambalo mjukuu wake alimuuliza, na hakuwa na maneno ya kulijibu. Mtoto alitaka kujua: "Bibi, nilipokuambia mama anaumwa, mbona ulicheka?"

Walikaa jioni nzima, mwalimu na mwanafunzi wake, wakitafuta jibu. Mwalimu alimpa maneno ya kusema kwamba kulikuwa na mtu aliyekosea kutafsiri. Dada akayakataa. Alichagua mengine, akayakariri njiani: "Nilikuwa bado sijaijua lugha yako. Nisamehe. Sasa najifunza."

Jina langu halimo humo.

Vitambaa vimekwisha nyumbani, maneno yote ameyafumua. Kimebaki kimoja, kimebandikwa kwenye picha ya mwanawe ukutani. Neno lake kwa Kiswahili ni "binti", la kwanza kabisa alilotarizi, na analijua tangu siku hiyo hiyo. Pini imeshaanza kupata kutu.

Jumapili saa kumi simu inalia. Dada anaongea na mjukuu wake nusu saa, wakati mwingine zaidi, anacheka, anashusha sauti, anacheka tena. Mimi hukaa barazani. Balozi hakuna anayeniita tena. Akimaliza anatoka kupunga upepo, nami najikaza namuuliza:

"Anasemaje mtoto?"

Dada anarudisha pini mdomoni.

"Anakusalimia."