Masikio ya Ng'ombe wa Bucha

Siku ya kwanza kazini sikushika brashi. Nilipewa msasa na ukuta wa duka hapa Kitengela, nikaambiwa niusugue mpaka kiganja kisisikie chembe. Nilikuwa nimetoka Ukambani na darasa la nne tu. Sioni haya kusema, maana wenye vyeti ndio walikuja baadaye kuniuliza rangi inachanganywa vipi.

Bosi wangu tulimwita Fundi Mkuu. Alinifunza uzi wa chaki, yaani kuvuta uzi uliopakwa unga wa chaki na kuuachia ukutani, ili herufi za mabango zisipande mlima. Alinifunza andakoti, rangi ya chini inayoshika ile ya juu. Kusifu hakujua. Ukifanya vizuri, alinyamaza.

Mwaka wa pili akanipeleka Kajiado kuchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Kwetu tulifuga mbuzi. Ng'ombe niliyemjua vizuri ni yule wa kwenye mkebe wa maziwa. Nikazunguka nyuma, nikaona mmoja mwekundu mwenye paji jeupe amesimama kwa birika la kunyweshea mifugo. Nikamchora vile alivyo, na mikato ya masikio yake yote. Fundi Mkuu akanyamaza.

Kesho yake mzee mmoja Mmaasai akasimama mbele ya ukuta.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, nikingoja sifa.

"Huyu ng'ombe wangu anafanya nini kwa bucha?"

Nikamwambia ni picha tu.

"Picha iko na masikio yangu. Hiyo mikato ni ya boma yetu. Huyu nimempa binti yangu anayeolewa. Wakwe wakipita hapa watasema nimemgeuza nyama."

Mwenye bucha naye akalalamika kwamba wateja watadhani anachinja ng'ombe wa watu. Fundi Mkuu akanigeukia. "Ikifika jioni na huyu mzee hajaridhika, chukua nguo zako uende. Fundi wa kunigombanisha na watu simtaki."

Nikafuta mikato, nikachora masikio mazima. Mzee akacheka. "Sasa hana mwenyewe. Umemtoa wapi?" Nikabuni mkato mwingine. "Huo ni wa jirani yangu. Unataka tupigane?"

"Sasa baba, nifanye nini?"

"Wewe msichana umechora ng'ombe amesimama kama mlango. Ng'ombe anainama, anajikuna, anageuka. Umemwangalia saa ngapi?"

Akanipeleka kwa birika, nikakaa kwa jiwe mpaka saa nane, bila brashi, nikitazama tu. Niliporudi nikapaka ukuta upya, nikachora mwingine, wa kahawia, amezamisha kichwa kwa birika mpaka masikio hayaonekani. Shingo ilikuwa nzito, unaona kabisa ana kiu.

Mzee akamwangalia kutoka kila upande. "Huyu simjui," akasema. "Lakini ni ng'ombe."

Fundi Mkuu akanyamaza. Kisha akatoa mfukoni brashi yake ya nywele laini, ile hakuna mtu aliruhusiwa kugusa, akanipatia.

Tangu hapo sijachora kitu kabla ya kukaa nacho. Magadi tulipaka nyumba za wafanyakazi. Joto lilikausha rangi brashi ikiwa bado ukutani, tukawa tunaanza alfajiri, na huko, kando ya ziwa la magadi meupe, nikajua kwamba nyeupe ziko nyingi. Huko Entarara wakulima walinionyesha kwamba kijani ya mahindi na ya maharagwe hazifanani hata kidogo.

Siku hizi mabango yanachapishwa kwa mashine, na goti langu limekataa ngazi. Watu hunipa pole. Pole ya nini? Nachora kwenye kitambaa hapa nyumbani, na wenye ng'ombe wanakuja wenyewe kutoka Isinya na Kajiado, wanakaa kwa stuli nyuma yangu wakinisahihisha. Wiki jana mama mmoja alikataa kubeba picha yake mpaka niongeze kovu pajani, mahali ng'ombe alichomwa na waya akiwa ndama.

Nikasema kovu litaharibu picha. Akasema hajaja kuchukua picha, amekuja kuchukua ng'ombe wake.

Nikaliongeza, na akawa amesema kweli.