Breki Kabla ya Mstari

Tangu daktari amzuie kuendesha gari, mwezi wa tano, baada ya kuzimia mara mbili jikoni kwake, Taisto Rautpalo aliacha kuongelea magari. Aliongelea uyoga. Aliongelea paa la sauna, chumba chake cha kuogea mvuke, lililokuwa likivuja. Binti yake Sointu, aliyempigia simu kila Jumapili kutoka Tampere, aliusikia ukimya huo vizuri, na ndiyo maana Jumamosi moja ya Oktoba alifika kijijini kwake Hietakangas na buti la gari limejaa maboksi.

"Umehama?" Taisto aliuliza mlangoni.

"Kazi yangu hiyo, Baba. Shika hapa, usiangushe."

Sointu hutengeneza michezo ya kompyuta. Mwaka huo kampuni yake ilikuwa ikiandaa mchezo wa mbio za magari nje ya lami, kwenye matope na changarawe, na toleo la majaribio lilikuwa na njia moja tu. Njia hiyo aliichora yeye mwenyewe: machimbo ya kokoto ya Hietakangas, jinsi yalivyokuwa kabla hayajafunikwa na misonobari.

Taisto alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe. Lakini Jumapili za ujana wake wote, na nyingi za utu uzima, alizimalizia kwenye machimbo yale, akikimbizana na wakulima, maseremala na walimu wa shule katika magari ambayo mtu mwenye akili asingeyaendesha hadi dukani. Mbio hizo zilikuwa na sheria moja. Zikiisha, kila gari lilikuwa linauzwa, kwa bei moja ya chini iliyojulikana na wote. Aliyelitaka alitumbukiza jina lake kwenye sanduku. Wakiwa wengi, kura ilipigwa. Mwenye gari akikataa kuuza, hakuruhusiwa kushindana tena. Kwa hiyo watu waliyaacha magari yao mabaya kwa makusudi, yasitamaniwe. Milango ilipakwa rangi iliyobaki kwenye ua, mibonyeo haikunyooshwa, na chini ya boneti injini iling'aa kama sahani za harusi.

Mwaka 1978 Taisto alishinda. Alishinda na gari aina ya Saabu alilolishughulikia majira yote ya baridi, yeye na marehemu mkewe, wakipasha moto vipuri vyake kwenye oveni ya jikoni. Sanduku lilijaa majina. Kura ikamwangukia Lahja Korpisaari, jirani wa ng'ambo ya shamba la shayiri na mpinzani wake wa kila Jumapili, naye akaondoka na gari hilo likiwa bado linafuka moshi.

Taisto hakushinda tena. Kila alipoongoza, mita chache kabla ya mstari wa kumalizia, mguu wake wa kushoto uligusa breki. Wa pili. Wa tatu. Gari lisiloshinda halikutamaniwa, likarudi nyumbani. "Ningeshinda nikitaka," alimwambia mkewe, naye mkewe alikuwa akiitikia huku anaendelea kufuma. Kisha mke akafariki, machimbo yakafungwa, na sasa leseni nayo imekwenda. Hakubaki mtu wala mahali pa kuthibitisha kwamba angeshinda. Na yeye mwenyewe, akikaa peke yake saunani, hakuwa na hakika tena. Hilo ndilo lililomkaa moyoni wakati mdomo wake ukiongelea paa.

Sointu alifunga usukani kwenye meza ya kahawa, akaweka pedali juu ya zulia. Taisto alikaa na soksi zake za sufu, mikono imekunjwa, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Skrini ikawaka. Taisto aliinama karibu nayo.

"Lile banda la soseji," alisema hatimaye. "Umeliweka kulia. Lilikuwa kushoto."

"Nitalihamisha. Endesha."

Akaendesha. Mizunguko ya kwanza alipiga kingo kama mlevi, kwa sababu mwili wake ulizoea kulisikiliza gari kwa makalio, na kiti cha sebuleni hakikumwambia kitu. Kisha masikio yakachukua kazi hiyo. Kokoto zilipiga sakafu ya gari kwa sauti ileile. Vumbi la gari la mbele lilining'inia kwenye kona, halikimbilii kutoweka. Matope ya upande wa bwawa yalikuwa mazito inavyostahili.

"Vumbi ni zuri," alisema. "Matope mazuri. Ila mkia wa gari una adabu mno, ungetakiwa ukutukane kidogo. Na hii injini haichoki? Hakuna harufu hapa. Kule ulinusa oili inaungua ukajua una mzunguko mmoja tu."

Sointu aliandika kwenye simu yake, akificha tabasamu.

Mlango wa jikoni ukafunguka bila kubishwa. Lahja aliingia na mkate wa iliki ndani ya taulo, akatazama pedali, akamtazama Taisto.

"Wamekurudishia leseni ya sebuleni?"

"Kaa chini, bibie, uone watu wanavyoendesha."

"Shangazi Lahja, nimeleta sukani mbili," Sointu alisema.

Lahja alishavua koti.

Walishindana skrini ikiwa imegawanywa. Taisto aliongoza tangu mwanzo. Alipita banda la soseji, akapita bwawa, akatoka kona ya mwisho akiwa mbele, mstari ukaonekana. Mguu wa kushoto ukagusa breki. Lahja akapita.

"Baba, pedali ina kasoro?" Sointu alishtuka.

"Pedali haina kitu," alisema Lahja. "Ndivyo alivyo. Miaka yote. Nilidhani ni woga."

"Woga! Nilikuwa nalilinda gari!"

"Lisifanywe nini?"

"Lisichukuliwe na wewe!"

Lahja alicheka mpaka akajifuta macho kwa lile taulo la mkate. "Mzee mzima. Sasa humu nani atalinunua? Sanduku liko wapi? Kanyaga, tukuone."

Taisto alinyoosha mkono kuchukua kikombe. "Kahawa inapoa."

"Ipoe."

Sointu aliona uso wa baba yake na alitaka kusema inatosha. Lakini Taisto alikuwa ameshakirudisha kikombe mezani.

Safari hii hakusema neno. Alikanyaga mafuta kama zamani, kwenye kona mguu wa kulia haukuachia na wa kushoto ulicheza breki, gari likaingia ubavu ubavu. Walitoka bwawani sambamba. Kwenye kona ya mwisho Lahja alipita ndani, karibu na ukuta wa mchanga. Taisto alikanyaga hadi mwisho, hadi pedali ikasogea kwenye zulia, akavuka mstari bila kugusa breki. Alikuwa wa pili.

Taisto alingoja moyo umuume.

"Nimekanyaga mpaka mwisho," alisema.

"Nimeona."

"Na bado umenipita."

"Nimekupita kwenye kona. Unaiingia mapema, kama mtu anayewahi basi. Tangu enzi za ile Saabu unaiingia mapema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie? Nilikuwa nashindana na wewe!"

Taisto aliitazama ile kona kwenye skrini. Kwa miaka mingi alijiuliza kama alikuwa na moyo wa kushinda, na kumbe swali lilikuwa lini akate usukani. Moyo huwezi kuurekebisha ukiwa na miaka sabini na mbili. Kona unaweza.

"Sointu," alisema, akivua soksi. "Rudisha mwanzo."

Walianza. Banda, bwawa, kisha kona ya mwisho ikaja, naye akasubiri. Akasubiri tena kidogo. Ukuta wa mchanga ukajaa upande wake wote wa skrini, Lahja akasema, "We mzee, utaua mtu!" na hapo ndipo Taisto alipokata. Gari likageuka ndani, safi, mkia ukimtukana. Mngurumo wa gari la Lahja sasa ulitokea nyuma, mstari ulikuwa bado mbele kidogo, na mguu wake wa kushoto, mtupu, ulikuwa umelala kwenye zulia umetulia.